Kamba Kumi na Moja za Shungi

Iko nchi moja katikati ya bahari ambayo jina lake ni mali ya serikali, na kulitamka bila kibali ni wizi. Sisi si wezi. Tutaiita Kisiwa tu, na msomaji atakayehisi kwamba anaifahamu anaombwa azifiche hisia zake mpaka amalize kusoma, kwa usalama wake na wetu.

Anayeijua nchi hiyo kuliko wote ni Bwana Mtumweni Kheri, mtu mwembamba wa miaka hamsini na mitatu, Mpima Msaidizi katika Wizara ya Uthabiti wa Ardhi. Mpima Mkuu alikuwepo zamani, akakosea hesabu, na tangu hapo cheo chake kimeachwa wazi kwa heshima yake. Mtumweni ndiye aliyeandika kile kijitabu kiitwacho Utangulizi wa Jiografia na Serikali ya Kisiwa, ambacho kila mgeni hukabidhiwa bandarini pamoja na ua na onyo. Kimechapishwa mara kumi na tisa, na kila toleo hutangazwa kuwa limerekebishwa kikamilifu. Ukweli ni kwamba hakijabadilika hata nukta, isipokuwa picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa, ambaye kila mwaka huonekana kijana zaidi.

Sisi tutakifuata kijitabu hicho hicho, sura kwa sura, tukiongeza yale machache ambayo mwandishi aliyaacha kwa kukosa nafasi.

MAHALI NA UMBO

Kisiwa kina sehemu mbili, Kilima na Ufuko. Kilima ni cha serikali na Ufuko ni wa wananchi. Mvua hunyesha pande zote mbili, jambo ambalo Bunge linalishughulikia.

Vijiji vya Ufukoni ni vingi, lakini kijitabu kinakisifu zaidi kijiji cha Shungi, chenye nyumba sitini na mbili na wakazi mia tatu na sita, kwa sababu ya mchanga wake mweupe. Mchanga huo huchotwa kila siku isipokuwa sikukuu, hubebwa kwa magunia hadi kileleni, na humwagwa chini ya msingi wa Ikulu, ili Ikulu ipande juu shubiri nne kila mwaka na Mlezi Mkuu aweze kuwaona wananchi wake wote kwa pamoja. Kutoka huko juu wanaonekana wadogo sana, lakini wanaonekana.

Mtumweni alizaliwa Shungi. Hilo kijitabu hakilitaji.

SERIKALI

Serikali ya Kisiwa ni ngazi, na hapa hatusemi kwa mafumbo. Ni ngazi za mawe mia mbili na arobaini, kuanzia lango la chini hadi mlango wa Ikulu. Karani huishi kwenye ngazi ya thelathini, mkurugenzi ya tisini, waziri ya mia moja na sitini. Anayepandishwa cheo hujitwika godoro lake akahamia juu. Anayeshushwa hujitwika pia, ila watu hutoka nje kumtazama.

Mtumweni alikuwa ngazi ya arobaini na moja. Alikaa hapo katika vyumba viwili pamoja na Zuleya, mpwa wake, mtoto pekee wa dada yake Mize. Zuleya alikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya ukunga. Kibali cha Zuleya cha kuishi Kilimani kilikuwa na sharti moja dogo: mzazi wake awe mkazi thabiti wa kijiji chake. Maana yake ni kwamba Mize asihame Shungi. Akihama bila ruhusa huitwa mtoro, na mtoto wa mtoro hurudishwa kijijini akakae mahali pa mzazi wake, ili hesabu ya wakazi isiharibike.

Nyumba nyingi za Shungi zilikuwa na mtoto Kilimani, huyu akifua nguo za wakubwa, yule akipika, mwingine akisoma. Wageni huuliza kwa nini watu wa Ufukoni wanaipenda sana ardhi yao. Kijitabu kinajibu kwamba ni desturi.

VIPIMO

Katiba ya Kisiwa ni fupi. Ibara ya kwanza inataja umbali wa kila kijiji kutoka baharini, kwa kamba, na Shungi imewekwa kamba kumi na moja. Ibara ya pili, kwa huruma ambayo wageni huisifu sana, inasema kijiji chochote kitakachobakiwa na kamba kumi au pungufu kina haki ya kuhamishiwa Kilimani na kupewa nyumba za kukaa. Ibara ya tatu inasema vipimo vya ibara ya kwanza havibadiliki milele. Bahari haikushirikishwa katika uandishi wa Katiba hiyo, na ilifanya ilivyozoea.

Kila kijiji kina kamba yake, imeviringwa na kutundikwa msumarini katika chumba cha kamba wizarani. Siku chache kabla ya Siku ya Kupima, Mtumweni huingia humo, hufunga mlango, huchukua wembe na kuondoa ncha zilizochakaa. Ndivyo kazi hiyo inavyoitwa. Hakuna aliyewahi kumwambia apunguze kamba, Mungu apishe mbali. Alikuwa akiletewa karatasi yenye maneno mawili, "ncha zimechakaa", na namba ndogo pembeni.

Alipoanza kazi, kamba ya Shungi ilikuwa na pima arobaini, na ilibebwa na watu wawili. Sasa ilikuwa dhiraa mbili. Angeweza kuivaa kama mkanda. Na kila mwaka, mbele ya bendi na redio, Shungi ilipimwa ikaonekana iko kamba kumi na moja, na watu wakapiga makofi.

Mtumweni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akijiambia kwamba asipokata yeye atakata mwingine, tena huyo mwingine huenda akakata vibaya. Alikuwa mkataji mzuri, ncha zake hazikufumuka.

LANGO LA IJUMAA

Watu wa Ufukoni huruhusiwa kupanda hadi ngazi ya kumi, siku ya Ijumaa baada ya sala, wakaonana na jamaa zao kupitia wavu wa chuma. Ijumaa iliyotangulia Siku ya Kupima, Mize alikuja na kifurushi cha visheti vya Zuleya. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mize. Mbona umelowa? Huku hakujanyesha."

"Si mvua. Ni bahari. Nimeamka nimeikuta ukumbini, imejikalia kama mgeni aliyealikwa."

Mtumweni alimtupia jicho askari wa lango. "Punguza sauti, tafadhali. Shungi iko kamba kumi na moja."

"Kamba zako hizo! Juzi mbuzi wa Bi Kiponda kafa maji, naye alikuwa kafungwa jikoni. Jikoni, kaka! Na sheha wa kijiji kamshtaki Bi Kiponda barazani, eti kamnywesha mnyama maji ya chumvi kwa ukatili."

"Sheha anafanya kazi yake."

"Kila mtu anafanya kazi yake, ndiyo maana tunakufa." Mize alisogea karibu na wavu. Alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi, lakini siku hiyo alionekana mkubwa. "Nisikilize. Nikiondoka Shungi, Zuleya atarudishwa akakae mahali pangu. Nikikaa, maji yatanichukua. Sasa wewe msomi, niambie niende wapi."

Mtumweni aliandika kijitabu cha jiografia, lakini swali hilo halikuwamo.

"Basi mimi nitakwambia," alisema Mize. "Mwaka huu usikate."

"Kukata nini?"

"Ala! Unadhani hatujui? Zamani ulikuja na kamba mabegani mwa watu wawili. Ukaja nayo begani peke yako. Mwaka jana umeitoa mfukoni! Shungi nzima iliona ikanyamaza, kwa sababu wewe ni mwenzetu na tulidhani una sababu yako. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikataa kuamini, nikagombana na watu kwa ajili yako." Machozi yalimtoka akayaacha yatiririke. "Sikuombi useme uongo, kaka. Sikuombi hata useme kweli. Nakuomba usifanye kitu."

Askari akagonga wavu kwa rungu lake, muda umekwisha. Mize alipenyeza visheti kimoja kimoja kwenye matundu, kwa kuwa kifurushi hakikupita.

Siku ya Jumatatu karatasi ilikuja wizarani kama kawaida, ncha zimechakaa. Mtumweni aliingia chumba cha kamba, akafunga mlango, akaitoa kamba ya Shungi msumarini. Alikaa nayo mapajani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha akaurudisha wembe mtotoni mwa meza bila kuutumia, akaenda nyumbani. Katika maisha yake yote hakuwahi kufanya jambo la kutisha kama kutofanya jambo lile.

SIKUKUU ZA TAIFA

Sikukuu kubwa ni Siku ya Kupima. Mwaka ule Shungi ilipewa heshima ya kupimwa na Mheshimiwa Dakta Bausi Mwinjaka mwenyewe, Waziri wa Uthabiti wa Ardhi. Aliteremshwa kwenye kiti na wanaume wanne, maana mguu wa ngazi ya mia moja na sitini hauruhusiwi kukanyaga Ufuko. Bendi ilipiga. Mtangazaji wa redio, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, aliwaambia wasikilizaji jinsi ardhi ya Shungi ilivyo kavu na ya kupendeza.

Kipimo kilianzia kwenye kigingi cha Katiba, kando ya mlango wa Mize. Zamani mbele ya nyumba yake zilikuwepo nyumba nyingine ishirini. Hizo serikali ilieleza kuwa zimekwenda kufanyiwa ukarabati.

Mtumweni aliinama, akailaza kamba. Mtangazaji akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Watu walikuwa wamesimama na nguo zao za sikukuu. Ilipofika saba, mtangazaji alianza kuvuta maneno. Nane. Tisa. Ncha ya kamba ikaangukia majini.

Halafu Bi Kiponda, kizee wa watu, alipiga kigelegele kimoja chembamba, na Mize akamwona kaka yake akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu utotoni.

Mheshimiwa Waziri aliomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi wa Shungi," alisema, "nimehuzunika. Bahari ya nchi hii ni bahari tiifu. Mola aliiumba mahali pake, na Katiba ikaitambua mahali pake. Sasa tunaambiwa umbali umepungua. Sawa, vipimo havidanganyi. Lakini mimi nawauliza: kama umbali umepungua, na bahari ni ile ile tiifu, aliyesogea ni nani?"

Watu wakatazamana.

"Ni ninyi! Mmeisogelea bahari! Kidogo kidogo, kwa siri, ninyi na nyumba zenu na vyoo vyenu, mkitamani majumba ya Kilimani ambayo hamkuyajenga! Serikali nyingine ingewafunga. Serikali yenu sikivu inawasamehe. Ila kuanzia leo, hakuna mtu wa Shungi atakayesogea hata hatua moja, mbele wala nyuma, mpaka uchunguzi ukamilike. Askari watakuwa hapa kuwasaidia kutosogea."

Makofi yalipigwa, hasa na askari. Waziri akakizima kipaza sauti na kumwita Mtumweni karibu na kiti, kwa upole wa baba.

"Bwana Mtumweni, naona kama ncha zimechakaa."

"Mheshimiwa..."

"Umri, bwana. Hata mimi macho yananisumbua." Msaidizi wake alisogeza sahani, na juu ya sahani kulikuwa na wembe mpya. "Yule binti anayesomea ukunga, anaitwa nani vile? Zuleya. Maendeleo yake nayasikia. Ingekuwa masikitiko makubwa kumteremsha, mtoto wa watu, katikati ya masomo."

Mtumweni alisimama na wembe mkononi, akamtazama dada yake aliyekuwa hatua tatu kutoka pale. Mize alikuwa amelisikia jina la mwanawe. Uso wake ulibadilika, ukatulia, kama wa mtu aliyekuwa akitafuta kitu nyumbani na sasa ameacha kukitafuta.

"Kata, kaka," alisema. "Kata umalize."

Akakata. Kwa mara ya kwanza ncha ilifumuka. Wakapima upya, ikawa kumi na moja, na bendi ikapiga wimbo wa taifa.

HALI YA HEWA

Kijitabu kinasema hali ya hewa ya Kisiwa ni nzuri mwaka mzima. Siku tisa baada ya Siku ya Kupima lilikuja bamvua, bahari ikajaa kupita kawaida, alasiri, jua likiwaka, hata wingu halikuwepo.

Taarifa rasmi inasema bahari haikuja. Inasema pia kwamba ilikuja kwa utulivu. Tunachojua sisi ni kwamba askari walikuwa wamejipanga mstari nyuma ya kijiji, na watu waliokuja mbio na watoto migongoni waliulizwa vibali. Waliposema maji yanakuja, waliulizwa maji gani. Maji yalipofika magotini pa askari, mstari ulirudi nyuma hatua hamsini kwa nidhamu kubwa, kisha hamsini nyingine, kwa kuwa askari si wakazi wa Shungi na hawakukatazwa kusogea. Bunduki ziliwazuia wale wengine wasiwafuate.

Mtumweni aliona yote kutoka ngazi ya arobaini na moja. Alikimbia mpaka langoni akaambiwa leo si Ijumaa. Alirudi juu, akasimama karibu na Zuleya, wakaangalia paa za makuti zikielea moja baada ya moja, na juu ya paa watu, na baadaye paa tupu. Vilio vilifika mpaka kwenye ngazi ya hamsini hivi. Waliokaa juu ya hapo wanasema hawakusikia kitu.

WAKAZI

Mtu hawezi kuzama akiwa kamba kumi na moja kutoka baharini. Kwa hiyo hakuna aliyezama. Wakazi wa Shungi wakabaki mia tatu na sita, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, matanga yalipigwa marufuku, na hitima, na kulia kwa sauti. Kumlilia mtu aliye hai, tangazo lilisema, ni kumtakia mabaya.

Zuleya hakulia. Kuta za ngazi ya arobaini na moja ni nyembamba na majirani wanataka vyeo. Alifagia chumba. Akimaliza alikifagia tena. Mtumweni alimsikia akifagia, na kila ufagio ulipokwaruza sakafu aliuona ule wembe.

Wiki ya pili chuo cha ukunga kilileta karatasi, Cheti cha Ukazi wa Mzazi. Zuleya aliiweka mezani mbele ya mjomba wake.

"Wanataka saini ya mpima," alisema. "Kwamba mama yupo Shungi."

"Nisiposaini watakurudisha."

"Wanirudishe wapi, mjomba? Pamebaki mahali?"

"Watakusimamisha pale pale."

"Na ukisaini?"

"Basi yupo."

"Yupo?"

"Kiserikali," alisema Mtumweni, na aliona haya mpaka masikio yakamuwaka.

Akasaini. Zuleya aliupuliza wino ukakauka, akaikunja karatasi mara nne na kuitia kifuani.

"Ahsante, mjomba. Sasa ikiwa yupo, nipeleke nikamsalimie."

Mtumweni alichukua kofia yake.

Ilikuwa Ijumaa, na lango lilikuwa wazi. Waliteremka ngazi zote, wakaishika barabara ya Shungi mpaka ilipoingia majini. Hapo palisimama kibao kipya cha serikali: SHUNGI. WAKAZI 306. BAHARI, KAMBA 11. Chini ya kibao alikuwepo askari mmoja, kijana, buti zake zimelowa, ameshika daftari la wakazi ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mnamtaka nani?"

"Mama yangu. Mize binti Kheri."

Askari alifungua daftari, akapitisha kidole. "Huyu hajaripoti Ijumaa iliyopita. Leo asiporipoti naandika hayupo."

"Nina cheti," alisema Zuleya.

"Cheti bila daftari hakifai, dada. Nikiandika hayupo ni mtoro, na wewe unabaki hapa hapa." Hakuyasema kwa ukali. Aliyasema akitazama buti zake.

Zuleya alivua viatu, akavipanga pamoja ukingoni kama anayeingia nyumba ya watu. Akaingia majini mpaka magotini, pale ulipokuwa uwanja wao.

"Shikamoo, mama," alisema.

Maji yalikwenda na kurudi.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Zuleya."

Askari alikuwa ameshika kalamu. Mtumweni alitazama ule mgongo mdogo majini, kichwa kimeinama kwa adabu kikingoja, na moyo wake ukapasuka. Alifumbua kinywa, na sauti iliyotoka, nyembamba na ya kukwaruza, hakuijua kuwa ni yake.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Zuleya akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, kilio kilichokatazwa, kikaenda mbali juu ya maji.

Askari aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha aliinamia daftari lake na kuandika, taratibu, kwa mwandiko mzuri: Mize binti Kheri. Yupo. Ameitikia.